Maji Nisiyoyasikia

Kama leo umekaa kwenye benchi la nje la kliniki, lile lililosogezwa mbali kidogo na la akina mama wajawazito, na umeshika pakiti yako ya kwanza ya vidonge huku ukiificha ndani ya khanga, nakuandikia wewe. Wengine wakitaka kusoma wasome. Mimi si daktari na sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Hayo utaambiwa dirishani, na ukiuliza mara ya pili utaambiwa tena. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu: jinsi ya kukaa mpaka nyumba yako ikurudie.

Naitwa Mama Editha. Ni mkulima wa Kasulo, mke wa mtu mpole asiyependa maneno mengi, na mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Ugonjwa wangu ulikuwa ukoma. Nautaja mapema ili usisome ukiwa roho juu. Jina lake la Kihangaza chetu sitaliandika, maana nilipokuwa mdogo nililijua kama tusi kabla sijajua kuwa ni ugonjwa.

Mambo yalianzia Ulaya, au tuseme huko ndiko yalikoonekana. Parokia yetu ina urafiki na parokia moja ya Ujerumani, na kwa miaka mingi wao ndio waliokuwa wakija. Walipaka rangi madarasa, wakacheza mpira na watoto, wakaharisha, wakarudi kwao. Halafu mwaka mmoja paroko akatutangazia kwamba wenzetu wanasema sasa ni zamu yetu, twende sisi tukafanye utume kwao kwa wiki tatu. Watu walicheka kanisani wakidhani anatania. Wamisionari kutoka Kasulo! Lakini hakuwa anatania, na mimi nikawa mmoja wa watano waliochaguliwa, tukiongozwa na Katekista Laurenti.

Utume wenyewe ulikuwa kazi za kawaida. Asubuhi tuliwaimbia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Mchana tulikwenda kwenye jiko la kanisa, wanapogawa supu kwa watu wasio na makazi. Sikuwa nimejua kwamba Ujerumani kuna watu wasio na makazi. Nilipowaona wa kwanza wakipanga foleni na mabegi yao nilitamani kumpigia simu mume wangu nimwambie.

Ilikuwa mwezi wa pili na baridi ilikuwa kali. Wenzangu waliteseka. Katekista Laurenti alitembea mikono ameibana kwapani, mama mwingine alilia machozi kituo cha basi kwa maumivu ya vidole. Mimi nilitembea mikono mitupu. Nilisahau hata kuvaa glavu walizotupa. Wenyeji wetu wakanitazama, wakacheka, wakanipiga picha.

Jikoni mashine iliosha sahani, lakini masufuria makubwa ya supu hayakuingia, hivyo yalioshwa kwa mkono kwenye sinki lenye kina. Maji yao hutoka bombani yakiwa ya moto kabisa. Mama wa Kijerumani aliyekuwa zamu alichovya vidole akaruka, akakimbilia glavu. Mimi nikaingiza mikono hadi juu ya vifundo nikaanza kusugua. Wote wakageuka kutazama. Kisha Katekista Laurenti akasema kwa sauti ya mahubiri, "Mnamwona huyu? Huu ndio utume. Mtu amejisahau kabisa."

Ninyi mnaotoka kwetu mnajua kwa nini hakuna aliyeshtuka. Kwetu mwanamke anayeepua sufuria motoni kwa mikono mitupu husifiwa. Mama mkwe hutazama hilo kabla ya kutazama sura. Kwa hiyo nilisifiwa, nami nikafurahi. Nilidhani nimepewa neema ya pekee kwa ajili ya safari ile. Kila siku masufuria yakawa yangu, na kila siku mtu alikuja kutazama.

Malengelenge niliyaona jioni, kwenye mkono wa kushoto, nilipokuwa navua koti. Yalikuwa makubwa, yamejaa maji. Nikayafunga kwa kitambaa nikaimba kesho yake kama kawaida. Siku moja kwenye ile nyumba ya wazee, bibi mmoja aliyekuwa haongei tena aliushika mkono wangu akawa anaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, wimbo wote. Nilikuwa nikiangalia kidole chake kinavyokwenda na kurudi. Ningekuwa nimefumba macho nisingejua kama yupo.

Tuliporudi nyumbani tulipokewa kwa vigelegele. Katekista akasimama kanisani akasimulia habari ya maji ya moto, na kila aliposimulia maji yalizidi kuchemka. Watu walipiga makofi. Kidonda kilikuwa bado hakijapona. Masika ikaja ikaisha, tukavuna maharage, kidonda kikawa palepale.

Aliyegundua ni mume wangu, na hakugundua kwa kidonda. Tulikuwa tunatoka gulioni saa sita mchana, yeye nyuma yangu na mkungu wa ndizi begani. Akaniita.

"Mama Editha. Ndala yako nyingine iko wapi?"

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa peku, na kulikuwa na damu kidogo kwenye kisigino. Nilikuwa nimetembea hivyo sijui tangu wapi. Akautua mkungu, akarudi njia nzima, akakaa muda mrefu, akaja na ndala mkononi. Aliiweka mbele ya mguu wangu akaniangalia niivae. Asubuhi iliyofuata alileta pikipiki mlangoni, tukaenda hospitali.

Daktari aliniambia nifumbe macho, na kila akinigusa nionyeshe kwa kidole mahali aliponigusa. Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia kiti kinavutwa, nikasikia jogoo huko nje, nikawa nasema moyoni, daktari huyu ana uvivu. Mwisho akasema nifumbue.

"Mbona hujaanza?" nikamwuliza.

"Nimemaliza, mama."

Alipolitaja jina la ugonjwa nilitazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake. Ilikuwa na picha ya twiga. Njiani kurudi nilimwuliza mume wangu kama chumvi ipo nyumbani. Alisema ipo. Nakuambia haya kwa sababu huenda wewe pia umerudi nyumbani ukauliza habari za chumvi, ukajiona huna utu. Unao. Machozi yana saa yake, na wengine hayatoki kwenye benchi.

Siku ya kwanza ya dawa mkojo wangu ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela, na kama nisingeonywa ningekufa kwa hofu. Baadaye ngozi ikaanza kubadilika. Nikawa mweusi, weusi wa kukaukia, usoni zaidi. Gulioni walinitania: "Wenzako wakienda Ulaya wanarudi weupe, wewe umekwenda kuchomwa!" Nilicheka pamoja nao. Pakiti ya nne ilipoisha, kiwiko cha kushoto kilianza kuuma maumivu ya kupanda mpaka shingoni, nikaongezewa vidonge vingine, na hivyo vikanivimbisha uso ukawa duara kama sahani. Wale wale wakasema Ulaya imenikubali, nimenenepa. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nilijitazama kwenye kioo cha mume wangu cha kunyolea ndevu nikaona mwanamke mmoja mnene, mweusi, nisiyemjua, nikarudisha kioo mahali pake.

Nyumbani hakuna aliyenifukuza. Nataka hilo lieleweke, maana watu wa kwangu si wabaya. Mume wangu alihamia sebuleni akisema chumbani kuna joto, na ilikuwa wakati wa baridi ya kiangazi. Kwenye kwaya, tulikuwa tukibanana benchi moja, sasa nikakaa kwa nafasi. Katekista Laurenti alikuja kuniombea, akachagua kiti cha karibu na mlango, na tangu siku hiyo habari ya maji ya moto haikusimuliwa tena.

Na wifi yangu Generoza, dada mkubwa wa mume wangu, mjane anayeishi boma la pili kutoka kwetu, aliniletea zawadi. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha bluu, chenye mfuniko.

"Wifi, nimekuretea chako peke yako," alisema akitabasamu. "Kizuri, angaria. Hata nzi haingii."

Akakitafutia msumari wake ukutani, mbali na vikombe vingine. Alikuja kila siku baada ya hapo, anipikie, anichotee maji, anifulie. Alifanya kazi kuliko mtumishi. Lakini nguo zangu alizifua peke yake kwa fimbo, bila kuzigusa, na akimaliza ananawa hadi viwiko. Nilikunywa kwenye kile kikombe. Sikuchukia. Ndilo jambo linaloniogopesha nikikumbuka sasa, kwamba sikuchukia. Mikono yangu daktari aliipima akajua wapi imekufa. Moyo sikuwa na wa kunipimia.

Kliniki ilikuwa mara moja kwa mwezi, na nitakwambia ukweli, nilianza kuingoja. Pale benchini nilikutana na Mzee Stanislaus wa Murukulazo, ambaye ugonjwa ulimchukua vidole kabla hajafika hospitali, na ambaye hakuwa mtu mwema hata kidogo. Aligombana na manesi, aligombana na jua. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akanikagua.

"Wewe bado unavyo vyote?"

"Bado, mzee."

"Basi vihesabu kira jioni, mpaka vya miguuni. Vyangu viriondoka bira kuaga."

Akacheka peke yake. Kisha akanionyesha kipande cha kioo alichokuwa nacho mfukoni, cha kutazamia nyayo. Nilipata changu mwezi uliofuata. Nakushauri utafute chako. Mwiba hautakuambia.

Mume wangu alirudi chumbani kwa sababu ya nesi. Alikuwa amenisindikiza siku hiyo, amekaa ng'ambo ya benchi, na nesi akamwita mbele ya watu wote. "Baba, umelala na huyu mama miaka mingapi kabla hajaanza dawa?" Akasema ni mingi. "Na hukuogopa. Sasa anakunywa dawa, hamwambukizi mtu yeyote, ndiyo unahama chumba?" Benchi zima likaangua kicheko, Mzee Stanislaus akikohoa kwa kucheka. Mume wangu aliinamisha kichwa. Tulipofika nyumbani alichukua mto wake sebuleni akauweka kitandani, upande wake wa siku zote. Hakuomba radhi wala sikumwomba aombe. Nililala.

Sasa nikuambie habari ya Editha, maana kila jambo lilikuwa linaelekea kwake.

Editha ni binti yangu wa kwanza, na ameolewa Runazi, Biharamulo, kwa Wasukuma wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Ni watu wazuri, wana ng'ombe na hawana kelele. Mvua za mwanzo zilipoanza tulijua ana mimba. Kwetu uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua, asubuhi na jioni, ili mwili ufunge na damu chafu itoke, na ndiye anayemwogesha mtoto mpaka kitovu kidondoke. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo tangu alipovunja ungo.

Kabla ya Noeli mama mkwe wake alinipigia simu. "Mwadila mayu," alinisalimu kwa Kisukuma chao, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Tumesikia habari yako, pole sana. Sasa tulikuwa tunaomba, Editha ajifungulie huku huku. Maziwa yapo."

Sikuhitaji kuuliza wamesikia kwa nani. Wifi Generoza ana simu na ana huruma, na hivyo viwili vikikutana habari hufika Runazi.

Nikasema sawa. Nilikata simu nikaenda kupalilia. Nilipalilia mistari mitatu ya mahindi, na katikati ya mstari wa nne nikaliachia jembe nikakaa chini palepale shambani. Nililia mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa pakiti ya saba. Mume wangu alikuja akasimama kando na jembe lake. Nilimwambia, "Wamechukua kila kitu nikanyamaza. Hiki sitaki. Hiki nataka."

Kesho yake alivaa shati la kanisani akapanda basi kwenda Runazi. Mtu asiyependa maneno! Sijui aliwaambia nini. Aliporudi nilimwuliza, akasema, "Nimewaambia mimi nalala naye." Nikamwuliza wao walisemaje. "Wametazamana. Halafu wakanipa chai."

Wiki nyingi zikapita bila jibu. Nilikunywa pakiti ya nane, nikaenda kuchukua ya tisa. Siku moja mchana pikipiki ikasimama nje, Editha akashuka, miguu imevimba, tumbo mbele, begi mapajani mwa dereva. Alinikumbatia kabla sijasema chochote, akanibana tumbo lake lote kwangu.

"Mama mkwe amesema nije nione," aliniambia baada ya kunywa maji. "Nikiona si salama, nirudi."

Alikuwa amekunywa kwenye kikombe cha bluu. Alikikuta karibu akakichukua, hakujua. Nilitaka kumwambia, nikaacha.

Alijifungua mtoto wa kike kituo cha afya, salama, akaruhusiwa kesho yake. Mimi nilitangulia kuinjika sufuria kubwa kwenye mafiga na kutupia majani ya mti tunaoutumia sisi. Nilipanga kigoda, beseni, kitambaa kizito. Editha akavuliwa, akakaa kwenye kigoda akitetemeka kidogo, khanga mapajani. Nikamimina maji ya moto kwenye beseni, nikamimina ya baridi, nikaingiza mkono.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mama hupima maji kwa mkono wake. Yakiwa ya vuguvugu hayasaidii, yakizidi yanambabua mzazi, na wapo waliobabuliwa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya beseni na sikujua lolote. Mvuke ulikuwa unapanda. Nilifikiri juu ya sinki la Ujerumani, na makofi, na ngozi ilivyoinuka jioni ile. Niliutoa mkono, nikakunja nguo, nikachovya kiwiko cha kulia kama nesi alivyonifundisha, kile ambacho hakikuguswa sana. Kikasema ni joto. Lakini joto kiasi gani? Nilichovya tena. Sikukiamini. Nilikuwa nimemngoja binti yangu kwa miezi yote ile, na sasa nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi nikimwogopa.

Wifi Generoza akaingia. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, yuko tayari kwa kazi.

"Acha wifi, nimekuja kumkanda mimi," alisema. "Wewe pumzika. Nimereta na beseni langu."

Kweli alikuwa nalo, kwapani.

"Shangazi," Editha akasema kutoka kwenye kigoda, bila kuinua kichwa, "nataka mama."

"Mwanangu, mama yako mikono yake..."

"Najua mikono yake. Nimekuja kwa ajili ya hiyo hiyo. Mimi baridi inaniua hapa."

Mtoto alikuwa analia mkekani, kile kilio chao chembamba. Nilimgeukia wifi yangu nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote tangu Ujerumani, hata daktari.

"Wifi, siyasikii maji. Sijui kama yanachoma. Nisaidie."

Alinitazama. Akalitazama beseni, ambamo mkono wangu ulikuwa umeingia na kutoka, na kitambaa changu kilichokuwa kimezama humo. Akaliweka beseni lake chini karibu na mlango. Kisha akapiga magoti kando yangu, akaingiza mkono wote majini.

"Aa! Yanachoma, wewe! Ungemuunguza mwana!" Akakamata kata ya maji baridi akamimina, akakoroga kwa vidole, akamimina tena. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya wangu humo ndani, niliona. "Bado kidogo. Bado. Haya, sasa. Kamua."

Nikakikamua kitambaa, nikaanza mgongoni mwa binti yangu. Editha akaachia pumzi. Wifi Generoza akautoa mkono wake kwenye beseni, unachuruzika maji, akamwinua mtoto kutoka mkekani bila kuupangusa.